Ufunguaji wa giaboksi ya MGB

Ufunguaji wa giaboksi ya MGB ni kazi ya kuitoa giaboksi ya gia za mkono katika gari la michezo aina ya MGB, kuitenganisha kipande kwa kipande na kukagua sehemu zake ili kujua chanzo cha hitilafu. MGB lilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Ni mojawapo ya magari ya kale ambayo wamiliki wake wengi huyatengeneza wenyewe nyumbani.

Kazi hii haihitaji kiwanda, lakini inahitaji nafasi, kifaa cha kunyanyulia, mpangilio na subira. Giaboksi iliyochakaa hubeba ndani yake alama zinazoonyesha ni nini kilichoharibika na kwa sababu gani. Alama hizo hupotea kama sehemu zitafunguliwa bila utaratibu na kuoshwa pamoja. Mtu anayebadilisha sehemu bila kujua chanzo cha uharibifu anaweza kuifungua giaboksi ileile tena baada ya muda mfupi.

## Gari na aina za giaboksi

MGB lilitengenezwa katika kiwanda cha mji wa Abingdon. Zaidi ya magari 500,000 ya familia hiyo yalitoka kiwandani, yakiwemo ya wazi na yale ya paa la chuma yanayoitwa MGB GT. Magari mengi yalitumia injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, iliyowekwa mbele na kuendesha magurudumu ya nyuma.

Kuna aina mbili kuu za giaboksi katika magari hayo. Zote zina gia nne za mbele na rivasi:

- Giaboksi ya kwanza ilitumika tangu 1962 hadi 1967. Ina sinkromeshi katika gia ya pili, ya tatu na ya nne tu. Uwiano wa gia zake ni 3.64, 2.21, 1.37 na 1.00.
- Giaboksi ya pili ilianza kutumika katika magari ya Mk II mwishoni mwa 1967. Ina sinkromeshi katika gia zote nne za mbele. Uwiano wake wa awali ni 3.44, 2.17, 1.38 na 1.00.

Giaboksi hizi hazibadilishani kwa urahisi. Gari lenyewe lilibadilishwa sehemu ya katikati ya sakafu ili kupokea giaboksi mpya. Kwa hiyo aina ya giaboksi inapaswa kuthibitishwa kabla ya kununua vipuri. Mwaka wa gari pekee hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa magari mengi ya umri huo yamewahi kubadilishiwa injini au giaboksi.

Makala hii inaeleza zaidi giaboksi ya kwanza, ingawa kanuni nyingi ni zilezile kwa ile ya pili.

## Namna giaboksi inavyofanya kazi

Ndani ya giaboksi kuna shafti tatu muhimu. Shafti ya kuingiza hupokea mzunguko wa injini kupitia klachi. Shafti kuu iko nyuma yake katika mstari uleule, nayo hupeleka mzunguko kwenye propela shafti na magurudumu ya nyuma. Shafti ya pembeni iko chini ya hizo mbili na hubeba kundi la gia lililotengenezwa kama kipande kimoja. Kundi hilo huzunguka juu ya shafti hiyo kwa msaada wa beringi za sindano.

Gari likiwa katika gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, nguvu hutoka kwenye shafti ya kuingiza, hushuka kwenye kundi la gia, kisha hupanda tena kwenye shafti kuu. Katika gia ya nne, shafti ya kuingiza na shafti kuu hufungwa pamoja na kuzunguka kama shafti moja. Kundi la gia huendelea kuzunguka, lakini halibebi mzigo.

Uwiano wa gia huonyesha mara ngapi injini huzunguka ili propela shafti izunguke mara moja. Kwa uwiano wa 3.64, injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huizungusha propela shafti takriban mara 824. Mwendo hupungua, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka. Ndiyo maana gia ya kwanza hutumika kuanzia safari na kupanda mlima mkali.

Sinkromeshi ni mfumo wa kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pete ya shaba husukumwa juu ya koni ya chuma iliyo kwenye gia. Msuguano huifanya gia izunguke kwa mwendo sawa na shafti, kisha meno ya kufungia huingia bila kugongana. Gia ya kwanza ya giaboksi ya awali haina pete hiyo. Dereva akiiingiza wakati gari bado linatembea, meno hugongana na kidogo kidogo humeguka.

## Dalili kabla ya kufungua

Uchunguzi huanza gari likiwa bado linatembea. Sauti inayosikika katika kila hali iandikwe, kwa sababu baada ya kufunguliwa giaboksi haiwezi tena kusikilizwa.

- Mngurumo katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu unaopungua sana katika gia ya nne huelekeza kwenye shafti ya pembeni na beringi zake.
- Sauti inayosikika katika nyutro na kupotea pedali ya klachi inapokanyagwa hutoka kwenye sehemu zinazozungushwa na injini, yaani beringi ya shafti ya kuingiza au kundi la gia.
- Sauti inayoanza pale tu pedali inapokanyagwa kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya klachi, wala si ndani ya giaboksi.
- Sauti katika gia moja tu huashiria meno ya gia hiyo.
- Gia inayochomoka yenyewe inaweza kuwa na springi dhaifu ya kushikilia, foki iliyolika au meno ya kufungia yaliyopoteza ncha zake.
- Mkwaruzo wakati wa kuingiza gia ya pili huonyesha pete ya shaba iliyokwisha. Hata hivyo, kama gia zote zinakwaruza, klachi isiyoachia vizuri ichunguzwe kwanza.

Dalili hii ya mwisho ina umuhimu wa pekee. Hitilafu ya mfumo wa haidroliki wa klachi hurekebishwa bila kutoa injini. Mtu asiyeichunguza anaweza kufanya kazi ya siku nyingi na bado akabaki na tatizo lilelile.

## Usalama na vifaa

Katika MGB, nafasi chini ya gari haitoshi kutoa giaboksi peke yake. Njia ya kawaida ni kutoa injini na giaboksi kwa pamoja kupitia upande wa mbele. Mzigo huo una uzito wa zaidi ya kilo 150. Kwa sababu hiyo hutumika winchi ya injini au chenibloki iliyofungwa mahali imara. Kamba za kawaida na mihimili ya paa isiyojulikana uwezo wake ni hatari.

Gari linapoinuliwa, linapaswa kukaa juu ya stendi za chuma katika sakafu ngumu na tambarare. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala chini ya injini inayoning'inia.

Hatari nyingine haionekani kwa urahisi. Klachi za zamani ziliweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu na saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake kabisa mwaka 1999, lakini klachi ya zamani inaweza kubaki ndani ya gari kwa miongo mingi. Vumbi la klachi halipulizwi kwa hewa ya kompresa. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa, kisha kitambaa hufungwa ndani ya mfuko.

Bolti na nati za gari hili nyingi ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita inayokaribia kutosha huviringisha pembe za nati na kuifanya ishindikane kufunguka. Vifaa vingine vinavyohitajika ni koleo za pete za springi, nyundo laini ya plastiki au shaba, pula ya beringi, kalamu, makopo na mifuko midogo yenye lebo.

## Kuitoa ndani ya gari

Betri hutenganishwa kwanza. Magari ya awali yana betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na waya chanya ndio uliounganishwa na mwili wa gari. Mpangilio huo ni kinyume cha magari mengi ya leo, hivyo waya zinapaswa kuandikwa alama.

Boneti, rejeta na mabomba ya maji hutolewa. Nyaya za umeme, kabureta, ekzosi na kebo ya spidomita hutenganishwa. Silinda ndogo ya klachi inaweza kufunguliwa kwenye giaboksi na kufungwa pembeni bila kukata bomba lake. Ndani ya gari, mkono wa gia hutolewa. Chini ya gari, propela shafti hufunguliwa kwenye flanji, baada ya kuchora alama pande zote mbili ili irudishwe ilivyokuwa. Oili ya giaboksi humwagwa wakati huu, kwa sababu giaboksi itainamishwa sana inapotoka.

Mhimili unaobeba sehemu ya nyuma ya giaboksi hufunguliwa baada ya uzito kushikiliwa. Kisha injini huvutwa mbele na juu huku mkia wa giaboksi ukishuka. Kabla ya kunyanyua hutazamwa tena kama kuna waya uliosahaulika. Waya wa ardhi ndio husahaulika mara nyingi.

Injini ikiwa chini, giaboksi hutenganishwa nayo kwa kuvutwa ikiwa imenyooka. Uzito wake ushikiliwe hadi shafti itoke kabisa ndani ya klachi. Giaboksi ikiachwa ining'inie kwenye shafti, sahani ya klachi huweza kupinda.

## Kile oili inachoonyesha

Oili iliyomwagwa huchujwa kupitia kitambaa safi na kupitishwa sumaku. Unga laini wa rangi ya dhahabu hutoka kwenye pete za shaba, na kiasi kidogo ni cha kawaida. Magamba ya chuma yanayoshika sumaku huonyesha kwamba uso wa gia, beringi au shafti unabanduka. Kipande chenye umbo la sindano ni ushahidi wa beringi iliyovunjika. Kipande cha jino humaanisha kuwa vipande vyake vyote vitafutwe kabla ya kuunganisha tena.

Oili chafu hairuhusiwi kumwagwa ardhini wala kwenye mtaro. Huhifadhiwa katika chombo kilichofungwa na kupelekwa mahali pa kukusanyia.

## Hatua za kufungua

Kila hatua hupigwa picha, na kila kundi la sehemu huwekwa katika mfuko wake. Pete bapa ziitwazo washa hupangwa kwa upande na mpangilio zilivyotoka. Mpangilio wa kawaida ni huu:

1. Nje ya giaboksi husafishwa ili mchanga usiingie ndani.
2. Beringi ya klachi na mkono wake hutolewa, kisha kifuniko cha mbele. Washa nyembamba za kupimia zilizo nyuma yake zihifadhiwe.
3. Flanji ya nyuma hushikiliwa kwa chuma kirefu kilichofungwa kwenye matundu yake, halafu nati yake kubwa hufunguliwa.
4. Gia ndogo ya spidomita hutolewa kabla ya sehemu ya nyuma ya giaboksi. Ikisahaulika, meno yake huvunjika.
5. Sehemu ya juu yenye mkono wa gia, sehemu ya nyuma na kifuniko cha pembeni huondolewa.
6. Springi na vipini vya kushikilia gia hutolewa. Springi hizi zimebanwa, na zinaweza kuruka. Kitambaa huwekwa juu ya tundu wakati wa kufungua.
7. Bolti za kufungia foki hulegezwa, kisha fito za kuchagulia gia huvutwa moja baada ya nyingine na foki hutolewa. Vipande vya kuzuia gia mbili zisiingie kwa wakati mmoja viangaliwe visipotee.
8. Shafti ya pembeni husukumwa nje kwa kutumia fimbo nyingine laini, nyembamba kidogo na yenye urefu wa kundi la gia. Fimbo hiyo huchukua nafasi ya shafti na kuzuia sindano za beringi zisidondoke. Kundi la gia hushuka taratibu hadi chini ya kasha.
9. Shafti kuu hutolewa kwa nyuma, na shafti ya kuingiza kwa mbele. Kati yake kuna sindano ndogo za beringi ambazo zinapaswa kuhesabiwa.
10. Kundi la gia na washa zake hutolewa mwisho, pamoja na gia ya rivasi.

Hatua ya nane ndiyo ufunguo wa kazi yote. Kundi la gia lisiposhuka, shafti kuu haipati nafasi ya kupita. Mtu anayejaribu kuilazimisha kwa nyundo anaweza kupasua kasha, ambalo ni la aluminiamu. Kwa sababu hiyohiyo bisibisi haitumiki kutenganisha nyuso za gasketi. Mkwaruzo mmoja tu unaweza kuwa njia ya kuvujisha oili.

Shafti kuu hufunguliwa mezani. Kitovu cha sinkromeshi kina springi na gololi ndogo, hivyo huvuliwa ndani ya mfuko wa plastiki au chini ya kitambaa. Alama huwekwa kwenye kitovu na pete yake ya nje kabla ya kutenganishwa, kwa kuwa vimezoeana kwa miaka mingi.

## Ukaguzi wa sehemu

Sehemu hukaguliwa kwanza zikiwa na oili, kisha tena baada ya kuoshwa. Shafti ya pembeni ni miongoni mwa sehemu zinazochakaa mapema. Uso wake unapaswa kuwa laini kama kioo. Ukucha ukipitishwa juu yake na kukwama katika vishimo, shafti na beringi zake hubadilishwa. Uso wa ndani wa kundi la gia nao hutazamwa, kwa sababu shafti mpya haitadumu ndani ya tundu lililoharibika.

Pete ya shaba hubanwa kwa mkono juu ya koni yake na kuzungushwa. Pete nzima hushika, na hubakiza nafasi kati yake na meno ya gia. Pete iliyokwisha huteleza au hufika hadi kwenye meno.

Gia ya kwanza ya giaboksi ya awali imeunganishwa na kitovu cha sinkromeshi ya gia ya pili. Kwa hiyo meno ya gia ya kwanza yakimeguka, kipande kinachobadilishwa hugusa gia zote mbili. Jino linalokutana nalo kwenye kundi la gia hukaguliwa pia. Gia mpya ikikutanishwa na gia iliyomeguka, uharibifu huanza upya.

Washa za kundi la gia huamua ni kiasi gani kundi hilo linaweza kucheza mbele na nyuma. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji katika sehemu za mia za milimita. Beringi kubwa huzungushwa kwa vidole baada ya kuoshwa na kutiwa oili. Ukwaruzaji wowote unatosha kuikataa beringi. Gasketi, sili za oili na pete za kufungia hubadilishwa zote, hata zikionekana nzima.

## Magari yenye ovadraivi

Baadhi ya MGB zina ovadraivi ya Laycock nyuma ya giaboksi. Kifaa hiki hupunguza mzunguko wa injini katika mwendo mkubwa. Kina uwiano wa takriban 0.80, na huendeshwa kwa shinikizo la oili na solinoidi ya umeme. Shinikizo hilo huweza kubaki ndani baada ya injini kuzimwa. Kabla ya kufungua plagi yake yoyote, solinoidi huwashwa na kuzimwa mara kadhaa ili kuliondoa. Usafi unaohitajika ni mkubwa zaidi, kwani uchafu mdogo huziba vali zake.

## Kuunganisha upya

Kuunganisha hufuata hatua zilezile kwa kurudi nyuma, kila sehemu ikipakwa oili. Sindano za beringi hushikiliwa mahali pake kwa grisi kidogo. Kabla ya kufunga kifuniko cha pembeni, shafti huzungushwa kwa mkono katika kila gia na katika nyutro. Hitilafu inayogunduliwa mezani hugharimu dakika chache. Ikigunduliwa giaboksi ikiwa ndani ya gari, injini hutolewa tena.

Kitabu cha gari kinaelekeza oili ya injini, na si oili nzito ya difu. Baadhi ya oili za difu zina viambato vya salfa vinavyoweza kushambulia shaba ya pete. Pia utelezi wake unaweza kupunguza msuguano ambao sinkromeshi inauhitaji.

## Kutengeneza au kubadilisha

Si kila giaboksi iliyofunguliwa inafaa kutengenezwa. Uchakavu wa pete, beringi, shafti ya pembeni na sili ni wa kawaida, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kasha lililopasuka, kundi la gia lililomeguka na shafti kuu iliyolika kwa pamoja huweza kuifanya gharama ipite ile ya giaboksi iliyokwisha kutengenezwa na fundi. Sehemu nzima za giaboksi ya zamani hazitupwi, kwa kuwa gia za awali hupungua kila mwaka. Uamuzi huo hufanywa baada ya ukaguzi kukamilika na kabla ya kununua kipuri cha kwanza.